Vipimo Kumi na Viwili vya Kalolaine

Lisiate alikuwa mtu wa kunyoosha mambo. Ukimpa karatasi yenye mistari, hatoki nje ya mstari. Ukimpa isiyo na mistari, anaichora kwanza. Miaka ishirini na minne alifanya uuguzi katika kituo cha afya cha kijiji chetu, kule visiwa vya Vava'u, na hakuna fomu yake hata moja iliyowahi kurudishwa na wakubwa wa mji mkuu, Nuku'alofa, ikiwa na alama ya kuuliza. Alilijua hilo, na kwa bahati mbaya alilipenda. Watu walimcheka kwa tabia yake ya kurekebisha saa ya kanisa kila Jumamosi, lakini ukiugua ulitaka akupime yeye. Alichoandika Lisiate ndicho kilichokuwa.

Ndiyo maana Daktari Melaia, alipokuja na utafiti wake, alimchagua yeye bila kusita.

Kilikuwa kimetoka kidude kipya cha kupimia sukari, cha duara, ukubwa wa kifungo cha koti. Kinabandikwa nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, na chini yake kuna uzi mwembamba unaoingia ndani ya ngozi. Kila baada ya dakika chache kinatuma kiasi cha sukari kwenye kisomeo, kitu kama simu ndogo. Hakuna kutoboa kidole, hakuna damu. Katika visiwa ambavyo nyumba isiyo na mgonjwa wa sukari ni ya kutafuta, habari hiyo ilipigiwa makofi hadi kanisani, na watu wakakibatiza kidude jina la kifungo. Wizara ilikuwa tayari kukinunua. Daktari Melaia, mwanamke mfupi aliyekulia Auckland na asiyependa porojo, alitaka kwanza jibu la swali moja: hiki kifungo kinasema kweli?

Kujua ni kazi ya kuchosha lakini si ngumu. Unamkalisha mtu saa tatu. Kila robo saa unamtoboa kidole, unapima damu kwa mashine iliyokwisha kuhakikiwa, unaandika. Papo hapo unatazama kisomeo kinasema nini, unaandika pembeni. Jozi kumi na mbili za namba. Zikikaribiana, kifungo ni mkweli. Zikiachana, ni mwongo, na mwongo wa sukari anaua. Watu arobaini walijiandikisha, kila mmoja apimwe siku mbili, na sharti lilikuwa damu ipimwe na muuguzi aliyefundishwa, si mgonjwa mwenyewe.

Namba kumi na saba kwenye orodha alikuwa Kalolaine, dada yake Lisiate.

Mtu wa kwetu akisikia hivyo anajua taabu iko wapi. Kalolaine alikuwa na miaka hamsini na minane, mjane, mkubwa wa kinamama wanaoponda magome kutengeneza nguo za sherehe, mwanamke ambaye akikohoa tu watu wanavuta vizuri ile mikeka ya heshima tunayojifunga kiunoni. Lisiate alimfuata kwa miaka saba. Tangu alipofika miaka kumi na moja na kuhamishiwa kibanda cha wavulana, hakuwahi kukaa naye chumba kimoja, hakuwahi kutaniana naye, hakuwahi kumgusa hata ncha ya nguo. Kaka na dada hawafanyi hivyo. Viazi vikuu vya kwanza vya shamba lake vilikwenda kwake kila mwaka. Paa lake lilipovuja, alilitengeneza wakati yeye yuko kanisani na kuondoka kabla kengele haijalia. Alimpenda kuliko mtu yeyote, na upendo huo ulikuwa wa kuacha kitu mlangoni na kwenda zako.

Kwa hiyo walipanga mapema: Kalolaine atapimwa na Sulieti, muuguzi mwenzake pale kituoni. Siku ya kwanza ikaenda salama. Namba za damu na za kifungo zilipishana kidogo tu, na hapakuwa na la kusema.

Siku ya pili ilikuwa Jumatatu, na Sulieti alikuwa ameitwa msibani kisiwa kingine, kumzika shangazi yake. Lisiate alijua tangu Jumamosi. Alijiambia dada yake naye atakuwa amesikia na hatakuja. Saa mbili asubuhi Kalolaine akaingia, mkeka kiunoni, upepeo mkononi, akakaa kwenye kiti nyuma ya pazia.

"Sulieti yuko wapi?" aliuliza, akiiuliza hewa.

"Amekwenda msibani, dada. Amefiwa na shangazi," Lisiate alijibu upande huu wa pazia, akitazama sakafu.

"Mungu amlaze pema. Basi nirudi siku nyingine?"

Angesema ndiyo. Neno moja tu, na hadithi hii isingekuwepo. Lakini hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kumpima namba kumi na saba. Akiondoka, safu yake itabaki tupu, na chini yake kuna mstari wa kueleza sababu. Lisiate aliitazama fomu. Safu za watu kumi na sita kabla yake zilikuwa zimejaa, kila mraba na namba yake, bila kufutwafutwa. Akamfikiria Daktari Melaia akisoma kwamba muuguzi alikuwepo, mgonjwa alikuwepo, mashine ilikuwepo, na bado hakuna aliyepimwa.

"Kaa tu, dada," alisema. "Leo utanisomea namba za kisomeo."

"Hakuna sindano?"

"Leo hakuna."

"Heri yangu! Vidole vyenyewe vimechoka, na hili bega linaniua. Ponda magome siku sita mfululizo uone. Alfajiri nimemeza vidonge viwili vya maumivu, na viwili tena nikiwa njiani kuja hapa."

Lisiate alisikia. Katika mafunzo waliambiwa wazi kwamba vidonge vile vyeupe vya kawaida vinaweza kukidanganya kifungo cha aina hii kikasoma sukari juu kuliko ilivyo. Ndiyo maana fomu ilikuwa na swali: mgonjwa ametumia dawa nyingine leo? Kalamu ilisimama juu ya swali hilo kwa muda. Akiandika ndiyo, daktari atazitazama namba hizi kwa jicho kali, na jicho kali ndilo asilolitaka.

Akaandika hapana.

Kisha dada yake akawa anasoma na yeye anaandika. Kumi nukta nne, alisoma Kalolaine. Lisiate akaandika kumi nukta nne upande wa kifungo, na upande wa damu akatia kumi nukta moja. Kumi na moja nukta mbili. Akatia kumi na moja nukta tano. Alijua damu na kifungo havikubaliani siku zote, basi akawa anazipamba, hii juu kidogo, hii chini kidogo, zisitiliwe shaka. Kwa saa tatu alikaa akitunga damu ya dada yake. Ilipofika saa tano fomu ilikuwa safi kuliko zote.

"Tumemaliza, dada."

"Ahsante, mdogo wangu. Leo umenipa raha," Kalolaine alisema, akaondoka akijipepea.

Lisiate aliosha mikono, ingawa hakuwa ameshika kitu.

Siku nne baadaye Daktari Melaia alipiga simu.

"Lisiate, nimepitia karatasi. Hii namba kumi na saba, jamani! Sijawahi kuona kifungo kinakubaliana na damu namna hii."

"Ndiyo, daktari."

"Basi huyu awe wa kwanza katika hatua ya pili. Aache kutoboa kidole kabisa. Achome insulini kwa kufuata kifungo peke yake, tuone wiki moja inakwendaje. Wewe unaonaje?"

Hapo tena palikuwa na mlango wazi. Lisiate alikuwa na simu sikioni, mdomo umefunguka, na maneno yalikuwa yamefika kabisa kwenye ulimi. Halafu akaiona akilini sura ya daktari, sura isiyopenda porojo, ikimsikiliza.

"Sawa, daktari," alisema.

Barua ya maelekezo aliipeleka mwenyewe, akaiacha mlangoni kwa dada yake chini ya jiwe, kama alivyozoea kuacha viazi.

Wiki hiyo kinamama walikuwa mbioni kumaliza nguo ya magome ya harusi ya binti wa mchungaji. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Lupe, binti wa pekee wa Kalolaine, mwalimu wa darasa la tatu, alikuwa nyumbani kumsaidia mama yake. Kutwa nzima nyundo za mbao zilidunda juu ya gogo refu, ko, ko, ko, hadi ukilala unazisikia. Bega la Kalolaine halikupona. Alimeza vidonge asubuhi, akameza mchana. Kifungo kikasema kumi na tatu, kumi na nne. Yeye, mtiifu, akachoma insulini kama barua ilivyoagiza.

Alhamisi saa nne asubuhi Lupe alipiga simu kituoni akilia.

"Mjomba, mama ameanguka! Njoo, mjomba, mama hasemi!"

Lisiate alikimbia na mkoba begani. Alimkuta dada yake amelala ubavu kando ya gogo, nguo imemlowa jasho, macho yamefunguka bila kuona, mkono wa kulia umepinda chini yake vibaya. Kinamama kumi walikuwa wamemzunguka. Mmoja wao, mwenye nia njema, alikuwa ameshika kisomeo mkono mmoja na sindano ya insulini mkono wa pili.

"Kumi na tatu nukta sita!" alimwambia Lisiate. "Sukari imepanda, tunamchoma nyingine!"

"Weka chini hiyo!" Lisiate alipiga kelele. Hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. "Weka chini, utamuua!"

Akapiga magoti, akaushika mkono wa kushoto wa dada yake mbele ya kinamama wote. Ulikuwa wa baridi na ulikuwa unateleza. Akatoboa kidole cha kati, akaminya, tone likatoka, mashine ikahesabu. Moja nukta nane.

Mtu ambaye sukari yake imeshuka hadi moja nukta nane ana dakika chache. Lisiate alitafuta mshipa, akaupata, akaingiza maji ya sukari, na wakati wote huo midomo yake ilikuwa inasema kitu ambacho kinamama walidhani ni sala. Hakikuwa sala. Alikuwa anasema, "Ni mimi, dada, ni mimi." Kalolaine alipoanza kupepesa macho, Lisiate aliuachia mkono haraka, akarudi nyuma, akamwachia Lupe ampakate.

Hospitalini mjini walimfunga plasta mkono uliovunjika, na siku ya tatu akarudi nyumbani. Daktari Melaia akapanda ndege kuja kuchunguza. Aliketi kituoni na faili mbele yake, akapekua, akakunja uso.

"Sielewi," alisema. "Siku zote mbili kifungo kilikubaliana na damu yake. Siku ya pili ndiyo kabisa. Kifungo hakina kosa, Lisiate. Lililobaki ni dozi. Dada yako alivuta nyingi kuliko alivyopaswa, au alichoma mara mbili."

"Umemuuliza?" Lisiate alisema.

"Nimemuuliza. Anasema labda. Anasema macho yake si kama zamani, huenda alihesabu vibaya. Mama wa watu, aliniomba radhi kwa kuniharibia utafiti." Daktari akafunga faili. "Jumatatu napeleka ripoti. Kosa la mgonjwa, kifungo kinafaa. Wakikubali, kabla ya mwaka kwisha kitakuwa mikononi mwa watu visiwa vyote."

Lisiate akatoka nje kwa kisingizio cha kumwagia maua maji. Jua lilikuwa kali na maua yalikuwa yamekwisha kumwagiwa.

Maneno hayana miguu lakini yanafika. Jumapili, nje ya kanisa, ilikuwa tayari imesemwa kwamba Kalolaine haoni tena, kwamba alikula keki za harusi kwa siri, kwamba mtu akizeeka aachie wengine. Jioni hiyohiyo akatuma ujumbe kwa kinamama: wachague mkubwa mwingine wa kusimamia magome, yeye si wa kuaminiwa tena kwa hesabu. Mwanamke aliyepima vitambaa vya urefu wa uwanja kwa hatua zake na asikosee shubiri!

Lupe alimletea mjomba wake habari hiyo mwenyewe. Aliingia bila kubisha, kwa kuwa kwetu mtoto wa dada habishi hodi kwa mjomba wake. Kilichomo ni chake. Akafunua sufuria, akatoa majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui na nyama ya kopo, akaanza kula kwa mkono amesimama.

"Leo umepika chumvi kama unapikia ng'ombe," alisema. "Na hili panga jipya naona liko ukutani. Kesho nalichukua."

"Chukua."

"Khaa! Hata hubishani? Mjomba, unaumwa? Mbona hujala? Sufuria imejaa."

"Lupe, kaa chini."

"Nitakaa nikishiba."

"Kaa chini, nakuomba."

Akakaa. Lisiate akamwambia. Hakupunguza: pazia, kisomeo, namba alizotunga, vidonge alivyovisikia na kuandika hapana, simu ya daktari. Lupe aliacha kutafuna katikati. Alipomaliza, mwanamke yule mwenye mdomo usiotulia alipangusa vidole kimoja kimoja.

"Kwa hiyo hukumpima kabisa," Lupe alisema.

"Sikumpima."

"Na unajua mama analala na kitambaa machoni siku hizi? Anasema macho yamemsaliti. Macho ya mama yangu, mjomba! Yanaona sindano uvunguni."

"Ningewezaje kumshika mkono, Lupe? Ni dada yangu. Ile heshima ya..."

"Weka heshima chini! Usiiguse kabisa." Lupe alisimama tena. "Heshima ingekuwa nzima kama ungemwambia rudi nyumbani, dada, na ukaandika hakupimwa. Neno moja. Nani angekulaumu? Mama alikuuliza mwenyewe nirudi siku nyingine, wewe ukamwambia kaa! Hukuogopa kumshika mkono. Uliogopa pengo kwenye karatasi yako. Mama yangu amekufa nusu kwa sababu mjomba wangu anapenda karatasi safi."

Lisiate alitaka kukasirika, na angepata haki ya kukasirika kama lingekuwa uongo. Wiki mbili alikuwa amejifunika na ile heshima, akijiambia amekosa kwa sababu ya jambo zuri. Sasa mtoto aliyembeba mgongoni ameivuta na kumwacha wazi. Alilia, na hakujificha.

"Kesho daktari anaondoka na ndege ya mchana," Lupe alisema kwa sauti ya chini zaidi. "Mimi namleta kwa mama asubuhi. Wewe unajua unavyotakiwa kuja."

Alijua. Mtu aliyekosa sana kwetu huvaa shingoni majani ya mti wa ifi, hufunga mkeka mkuukuu kuliko yote, huenda kukaa chini nje ya nyumba ya aliyemkosea, kichwa kimeinama, hadi aitwe au afukuzwe. Jumatatu asubuhi Lisiate alikaa hivyo kwenye mchanga mbele ya ngazi za dada yake. Kinamama waliokuwa wakipita kwenda kwenye magome wakasimama. Daktari Melaia alikuwa barazani na mkoba wake. Kalolaine alikuwa ndani, karibu na mlango, mkono wenye plasta juu ya mto.

Lisiate alisema yote, kwa sauti ya kusikika mpaka njiani. Alipofika kwenye namba za kutunga, daktari aliweka mkono mdomoni.

"Lisiate," alisema, "karatasi zako nyingine zote sasa nitaziaminije? Niambie. Watu wote uliowapima, nitazijuaje zile za kweli?"

"Ni za kweli, daktari."

"Ndiyo, unasema wewe."

Hilo lilimchoma pale ambapo miaka ishirini na minne ilikuwa imekaa.

Sauti ya Kalolaine ikatoka ndani, tulivu, ikiiuliza hewa kama kawaida.

"Siku ile nilipomeza vidonge, nilisema?"

"Ulisema, dada."

"Na alisikia?"

"Nilisikia."

"Na nilipoanguka, nikaambiwa nimekosea kuhesabu, alijua?"

"Nilijua."

"Aliniacha nimwombe daktari radhi."

"Ndiyo."

Kinamama kule njiani walianza kunong'ona, mmoja akasema aibu, mwingine akamnyamazisha.

"Daktari," Kalolaine alisema, "kifungo hiki mkononi kimebakiza siku ngapi kabla hakijafa?"

"Mbili, mama."

"Mashine ya damu unayo?"

"Ninayo."

"Vidonge nimemeza asubuhi hii, kwa ajili ya mkono. Basi tufanye zile kumi na mbili. Sasa hivi, hapa mlangoni, watu waone. Watu wa visiwa vingine nao wana mabega yanayouma."

Daktari akafungua mkoba. "Sawa, mama. Nitakupima mimi."

"Sikukuomba wewe. Kumi na mbili hizo ni zake."

Lisiate alipanda ngazi kwa magoti, majani shingoni. Kalolaine alitoa mkono wa kushoto nje ya mlango na kugeuzia uso ukutani. Shingo yake ilikuwa imesimama, na mshipa ulikuwa unampiga shingoni. Lisiate aliona kwamba aibu ile ilikuwa inamtesa dada yake kuliko hata mwenye kosa, na kwamba anaibeba kwa ajili ya watu asiowajua. Akautwaa mkono. Ngozi ya vidole ilikuwa ngumu kwa kazi, na ilimbidi aminye sana.

Kisomeo kilisema kumi na mbili nukta tisa. Damu ikasema saba nukta mbili.

Daktari aliinama kutazama, akatazama tena, akakaa chini kwenye ngazi. Lisiate aliandika namba zote mbili. Kwenye swali la dawa nyingine aliandika ndiyo, na jina la dawa, na saa.

Robo saa ikapita, wakarudia. Kumi na tatu nukta moja, saba kamili. Wakarudia. Hakuna aliyeondoka njiani, na hakuna nyundo iliyolia kijijini asubuhi hiyo. Mara ya tano tone la damu likaanguka kwenye fomu na kuenea juu ya mistari. Daktari alimpa Lisiate fomu nyingine, yeye akakataa, akaendelea na ileile. Mara ya tisa Kalolaine alikuwa analia, bila sauti, uso bado ukutani, na mila haikumruhusu Lisiate hata kumpa kitambaa. Lupe ndiye aliyempa. Ndege ya mchana iliwapita juu ya mapaa na daktari hakuinua kichwa.

Baada ya mara ya kumi na mbili daktari aliichukua fomu, akaikunja pamoja na madoa yake.

"Hii ndiyo itakayokwenda wizarani," alisema. "Na kituoni utakabidhi funguo kwa Sulieti, Lisiate, hadi waamue juu yako."

"Ndiyo, daktari."

Aliufuta mkono wa dada yake kwa pamba, kidole kwa kidole. Alikuwa ameandaa maneno usiku kucha, ya adabu, ya mzunguko, yale yanayosemwa na mtu aliyevaa ifi. Yote yalimtoka.

"Nisamehe, dada."

Kalolaine aliuvuta mkono wake taratibu. Kisha akafanya jambo ambalo Lisiate hakulitarajia: aliugeuza uso kutoka ukutani, akamtazama machoni, karibu kabisa, kama mtu anavyomtazama mgeni.

"Ahsante, muuguzi," alimwambia. "Nina mdogo wangu, anaitwa Lisiate. Ukimwona, mwambie namngoja."

Lisiate aliinamisha kichwa hadi majani yakagusa sakafu.

"Nitamwambia, dada," alisema, kisha akajisahihisha, kama muuguzi kwa mgonjwa wake. "Nitamwambia, mama."